Nyimbo za soul na hoja ya "mwanamke wa zamani alijua nafasi yake": hebu tuzisikilize vizuri kwanza

Mleta uzi

Wakuu salaam. Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu ya binti wa jirani yetu, baada ya msosi DJ akaanza kurusha za zamani, ikapigwa ile ya James Brown ya mwaka 1966, It's a Man's Man's Man's World, basi shemeji yangu mmoja akasimama akasema mnaona, hata weusi wenzetu wa Marekani kabla hawajaharibiwa na haki sawa walikuwa wanajua dunia ni ya mwanaume, na wanawake wa kipindi kile walijua nafasi yao ndo maana ndoa zilidumu. Meza nzima ikampigia makofi. Mi nikanyamaza maana shughuli haikuwa yangu, ila nimelala na hilo jambo siku mbili, na hoja yenyewe naiona inaletwa kila siku kwa kutumia nyimbo hizi hizi, kwa hiyo naomba tuiongelee.

Muziki huu wa soul, yaani muziki wa weusi wa Marekani wa miaka ya sitini na sabini, nimekua nao. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na boksi la santuri chini ya kitanda na Jumapili mchana ndo lilikuwa linatolewa, hakuna mtoto kugusa. Nilikuwa nazijua nyimbo kabla sijajua Kiingereza. Baadaye nilivyoanza kuelewa maneno ndo nikagundua kwamba mle ndani watu wanabishana, tena wanabishana juu ya hiki hiki tunachobishania sisi.

Tuanze na huo wa shemeji. Pale kwenye majina ya watunzi, pamoja na James Brown kuna Betty Jean Newsome, mwanamke. Na wimbo wenyewe mwanaume anaorodhesha alivyotengeneza, magari, treni, taa za umeme, safina ya Nuhu, afu kila akimaliza anarudi pale pale kwamba vyote hivyo si kitu bila mwanamke. Msikilizeni anavyoimba. Ile sauti ni ya mtu anayelia, na mtu aliyeridhika na dunia yake halii vile. Shemeji aliishia kwenye jina la wimbo, ndani hakuingia.

Sasa njooni kwenye Respect. Watu wengi wanajua ni wa Aretha Franklin lakini mwenyewe aliyeutunga na kuurekodi kwanza ni Otis Redding, 1965, chini ya kampuni ya santuri ya Stax pale Memphis. Kwa Otis ni mume anaongea. Anatoka kazini, pesa analeta yeye, anamwambia mkewe kama unataka kunikosea nikiwa sipo we nikosee, mi naomba heshima kidogo nikirudi nyumbani. Hebu lisomeni tena hilo ombi. Huyu ni mwanaume aliyeshuka bei mpaka chini kabisa, yuko tayari hata kusalitiwa ili mradi akifika mlangoni apokelewe kama mtu. Kwa nini mtu afike huko? Ntarudi.

Tarehe 14 Februari 1967 Aretha akaingia studio New York akaugeuza. Mistari mingi ni ile ile, ila sasa mwenye pesa ni mwanamke, ndiye anayesema nakaribia kukukabidhi hela zangu zote, na anasema mi sikukosei ukiwa haupo, maana sitaki. Afu ndo akaongeza ile ya kulitamka neno herufi moja moja, kwenye wimbo wa Otis haimo. Juni ile ukakaa namba moja Marekani nzima. Otis mwenyewe mwezi huo huo akiwa jukwaani kwenye tamasha la Monterey akawaambia watu kwamba wimbo huu kuna dada kamnyang'anya. Mwezi Desemba ndege yake ikaanguka ziwani Wisconsin, akafa na miaka 26.

Kwa hiyo kipindi hicho hicho ambacho tunaambiwa wanawake walikuwa wamenyamaza, wimbo ulioshika namba moja Marekani ni wa mwanamke anayedai heshima kwa hela yake mwenyewe. Ntaendelea chini, naandikia simu.

Mchangiaji wa 2

Mkuu hapo umeongea, ila usisahau hao wote wanaimba mapenzi tu, hawakuwa wanaandika katiba. Wimbo ni wimbo. Mtu kaachwa kalia, kaimba. Nyie mnataka siasa kila mahali.

Mleta uzi

Mkuu namba 2 nakuelewa, ila ngoja nikuwekee mazingira afu uniambie kama ni mapenzi tu.

Machi 1965, mwaka huo huo wa wimbo wa Otis, Daniel Patrick Moynihan wa wizara ya kazi ya Marekani aliandika ripoti ya serikali kuhusu familia za watu weusi. Kiini chake ni kwamba utumwa na ukosefu wa ajira vimeivunja familia, karibu robo ya watoto weusi wanazaliwa nje ya ndoa, na familia nyingi zinaendeshwa na mama, na hilo la mama kuwa juu akalihesabu ni sehemu ya ugonjwa. Moto ukawaka. Wengine walisema huyu anamlaumu aliyeumizwa, na wanawake wakauliza, yaani sisi tuliofua nguo za wazungu na kulea watoto wao ili wetu wale, leo sisi ndo tumewaangusha waume zetu? Lakini wapo wanaume weusi, hata ndani ya harakati za haki za weusi, waliolishika wakasema sawa, mwanamke arudi nyuma kidogo mwanaume asimame.

Na hilo la mwanaume kusimama halikuwa maneno ya kijiweni. Kule kusini mwa Marekani mzee wa miaka 60 alikuwa anaitwa "boy" na mtoto wa kizungu. 1968 wazoa taka wa Memphis, kama 1,300 hivi, waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mashine ya gari la taka, na bango walilobeba lilikuwa na maneno machache tu, MIMI NI MWANAUME. Hayo ndo madai yote. Dk. Martin Luther King, kiongozi wa harakati hizo, alienda kuwaunga mkono na akauawa pale pale Memphis, kwenye hoteli ya Lorraine, hoteli ambayo wanamuziki wa Stax walikuwa wanakaa kutungia nyimbo. Kwa hiyo Otis akiomba heshima mlangoni kwake, mji wake wa muziki ni ule ambao mtu mweusi heshima nje ya mlango hana kabisa. Nyumbani ndo sehemu pekee iliyobaki ya kuitwa mwanaume. Mi wimbo ule ukinifikia hapo huwa naumia, na wala simlaumu Otis.

Ila swali la Aretha ni hili, na mi mwenyewe nilichelewa sana kulisikia: heshima uliyonyimwa huko nje na mzungu, kwa nini deni lake nililipe mimi? Mimi nimetoka huko huko nje, nimetukanwa na mzungu huyo huyo.

Mchangiaji wa 3

Mimi dada mtu mzima nimesoma yote. Asante kwa hayo ya mwisho. Naongezea kwamba Agosti 1963 kwenye yale maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za weusi, kwenye wazungumzaji wakuu hakuwekwa mwanamke, waliimbishwa, Mahalia Jackson aliimba, Marian Anderson aliimba. Mwanaharakati Daisy Bates alipewa muda mfupi tu. Wanawake waliobeba harakati miguuni wakaambiwa waimbe. Basi na wakaimba kweli, ndo hawa kina Aretha.

Mchangiaji wa 4

Tusidanganyane. Midnight Train to Georgia ya Gladys Knight, 1973. Mwanaume kashindwa maisha Los Angeles anarudi kwao na treni ya usiku wa manane, mwanamke anaacha kila kitu anamfuata. Huyo ndo mke. Leo ukifulia tu unakuta begi lako nje. Hilo mtasemaje?

Mleta uzi

Mkuu namba 4 wimbo huo naupenda kuliko yote na nashukuru umeuleta. Kweli anamfuata. Lakini angalia nani anasimulia na nani anaamua. Mwanaume mule ndani haongei hata neno moja, kashindwa, kauza ndoto zake na gari lake, anarudi. Hajamwambia mwanamke twende, ni mwanamke mwenyewe anasema bora niishi kwenye dunia yake kuliko kuishi bila yeye kwenye yangu. Maana yake yeye yake anayo, haijafilisika, na anaiacha kwa hiari. Na wale Pips, waitikiaji wake wa nyuma, wanaume watupu, ndugu zake wa damu, wanaitikia kila anachosema. Mi sioni mwanamke aliyeamrishwa pale, naona aliyependa. Mwanaume anayependwa hivo hahitaji kutangaza kwamba yeye ni kichwa.

Hilo la begi nje siwezi kukubishia, nami limenikuta, na wala sikuhitaji wimbo kunieleza linavyouma.

Mchangiaji wa 5

Mimi niko Tanga, mtoto wa taarabu, na nyimbo za soul nilizokuja kuzipenda mwenyewe ni zile za kujibizana maana nilipozisikia tu nikasema haa, huu si mpasho huu! 1974 Shirley Brown akatoa Woman to Woman. Anapiga simu kwa mwanamke mwingine anayeitwa Barbara, namba kaikuta kwenye mfuko wa mumewe, anaongea kwa adabu kabisa kwanza, anajitambulisha, afu anaanza kumwambia kitanda anacholalia ni mimi, chakula anachokula ni mimi, gari analokufuatia marejesho yake nalipa mimi kila mwezi. Haikupita muda Barbara Mason, mwimbaji mwingine kabisa, akamjibu na wake, akiwa yeye sasa ndo yule wa nje. Wale waliokulia na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star wakirushiana maneno hapa Tanga wananielewa. Na Millie Jackson mwaka huo huo akafanya santuri nzima, Caught Up, upande mmoja anaimba kama hawara, ukigeuza anaimba kama mke. Mtu mmoja huyo huyo! Ukimaliza kusikiliza pande zote mbili hujui umchukie nani.

Lakini nataka kusema kitu ambacho kinanikera tangu zamani. Kwenye simu ile wanawake wawili wanaongea, wanalia, wanatetea, na mwanaume mwenyewe hayupo. Haulizwi. Kakaa wapi? Analipiwa gari, halafu ugomvi unakuwa wa wanawake. Na waliotunga Woman to Woman ni wanaume watatu wa pale Stax. Sisemi wimbo mbaya, nalia nao mpaka leo, ila ndo hivo hivo huku kwetu mwanaume akikosea wanawake ndo wanaotukanana, yeye anasubiri mshindi.

Mchangiaji wa 2

Dada wa Tanga hapo nimeguswa. Narudisha maneno yangu ya kwamba ni mapenzi tu.

Mchangiaji wa 6

Vijana, mimi ni mtu mzima, nina umri wa kuwazaa wengi wenu. Naomba niwakumbushe jambo ambalo halitajwi. Soul haikuwa ya kusikiliza mbali tu, hapa Dar es Salaam ilitukuta na ikaleta ugomvi huu huu. Tulikuwa tunaenda bugi la mchana, wavulana na wasichana, tunacheza James Brown, Wilson Pickett, Aretha. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, kuanzia Januari mosi 1969 ni marufuku minisketi, mawigi, krimu za kujichubua, suruali za kubana. Someni hiyo orodha mjiulize vitu vingi ni vya nani. Suruali zilitugusa wavulana, yaliyobaki ni mwili wa msichana. Wasichana walifukuzwa mitaani Kariakoo, walivutwa kwenye mabasi, na wanaume wazima wanashangilia wanasema tunalinda utamaduni. Novemba 1969 na soul yenyewe ikapigwa marufuku Dar kwa amri ya mkoa.

Mimi wakati ule nilikuwa na miaka 17 na nilikuwa upande wa wanaoshangilia. Dada yangu alirudi nyumbani siku moja amejifunika kanga ya mtu asiyemjua, ameipewa na mama mmoja wa sokoni. Baba hakumuuliza nani amekuchania nguo, alimuuliza kwa nini ulivaa. Na mimi nilikuwepo sebuleni, nilikaa kimya. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema zamani wanawake walijua nafasi yao, najua nafasi hiyo walikuwa wanaoneshwa vipi.

Mchangiaji wa 3

Mzee wetu shikamoo. Nimesoma mara mbili. Dada yuko hai?

Mchangiaji wa 6

Marahaba binti. Yuko hai, ana wajukuu. Nilimwomba radhi mwaka ambao mama yetu alifariki. Aliniambia alishasamehe ila hakusahau kwamba sikusimama.

Mleta uzi

Mzee heshima yako. Hayo ndo sikuyajua kabisa na nimekaa nayo tangu asubuhi. Yaani marufuku imekuja miaka miwili tu baada ya Respect.

Ngoja nimalizie nililoahidi, maana wengine wananiuliza kama nawatetea wanawake dhidi ya wanaume. Hapana. Kuna kikundi cha wanawake weusi wa Boston kilianza 1974, Combahee River Collective, jina walilichukua kwenye mto wa South Carolina ambako Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa mwenyewe, aliongoza uvamizi 1863 wakatoroshwa watumwa zaidi ya 700 kwa usiku mmoja. 1977 wakaandika msimamo wao, na kuna kitu mle mi nakiona ndo soul yote: kwamba tunapambana pamoja na wanaume weusi dhidi ya ubaguzi, na papo hapo tunapambana nao hao hao juu ya wanavyotutendea. Yote mawili kwa pamoja. Baadhi ya wazungu wa harakati za wanawake walitaka wawaache wanaume wao, wanaume wao walitaka wasubiri kwanza ukombozi ndo yafuate ya ndani. Wakakataa pande zote mbili.

Sasa rudini kwa Aretha. Januari 1967, kabla ya Respect, alienda Muscle Shoals, Alabama, kurekodi. Mumewe Ted White ndo alikuwa meneja wake. Wakamaliza wimbo mmoja, wa pili ukawa katikati, pombe zikanyweka, ugomvi ukazuka kati ya mumewe na watu wa studio, safari ikavunjika wakarudi New York. Wimbo ulioachwa katikati unaitwa Do Right Woman, Do Right Man. Ukitaka mwanamke mwema uwe mwanaume mwema, ndo ujumbe wenyewe. Umekwama kwa sababu ya ugomvi wa mume! Na ndani yake kuna sehemu anasema wanasema dunia ni ya wanaume ila kwangu mimi huwezi kulithibitisha hilo, mwaka mmoja tu baada ya ule wa James Brown. Aliokuja kuumalizia nao ni ndugu zake, Carolyn na Erma, kule New York. Na ndo hao hao waliokuja kuitikia kwenye Respect.

Na mtu asiniambie alikuwa mkorofi aliyechukia wanaume. Huyu ni binti wa mchungaji, C.L. Franklin wa kanisa la New Bethel, Detroit, na mwaka huo huo kaimba A Natural Woman, wimbo wa mwanamke aliyerudishiwa uhai na mapenzi ya mwanaume. Anataka kupenda, na anataka heshima, kwenye santuri za mwaka mmoja. Shemeji yangu anadhani ni lazima uchague.

Mchangiaji wa 4

Mleta uzi na mimi niseme ukweli, ninachokiogopa ni kwamba mwanamke akiwa na hela yake hatanihitaji. Nimekaa miezi 14 bila kazi. Mke wangu ndo analipa kodi, hajawahi kunisema vibaya hata siku moja, lakini mi kila nikiona anatoa hela najisikia kufa, naongea kwa ukali mpaka watoto wanaogopa. Huu wimbo wa Otis ulivyoueleza, kwamba anaomba heshima akifika mlangoni, ni mimi kabisa, ila mi huwa siombi, nafoka.

Mchangiaji wa 5

Kaka pole sana. Hilo ulilosema hapa mwambie na yeye, hivo hivo ulivyoandika, usiongeze kitu.

Mchangiaji wa 6

Mwanangu namba 4, usiache siku nyingi zipite kama mimi.

Mchangiaji wa 7

Nauliza tu wakuu, nimeenda kuusikiliza Respect na spika za masikioni, kuna mahali wale wa nyuma wanarudia rudia "ri ri ri ri" haraka haraka. Ni neno gani lile?

Mleta uzi

Mkuu umesikiliza vizuri sana. Aretha nyumbani kwao walikuwa wanamwita Ree. Wanaoitikia ni dada yake na mdogo wake. Yeye mbele anadai heshima, nyuma yake ndugu zake wanamwita kwa jina la nyumbani.